Mkalimani Hayupo

Kuna aina ya faili ambalo kompyuta nyingi za Makambako hazijui zilifanye nini. Jina lake huishia na nukta na herufi mbili, "sh". Ndani hamna picha wala wimbo wala barua ya kuomba kazi. Kuna maandishi matupu, mstari chini ya mstari, na kila mstari ni amri: chukua hiki, kigeuze kiwe kile, kiweke pale, rudia mpaka viishe. Wenye fani wanaita skripti ya shell. Mimi nitasema skripti tu, kwa sababu ukitamka "sheli" pale stendi ya Makambako watu watakuonyesha kituo cha mafuta. Na vituo vipo vya kutosha, maana malori ya Tunduma na mabasi ya Songea yote yanapita hapa.

Shell ya kompyuta maana yake ni ganda. Picha iliyokusudiwa ni ya karanga. Ndani kabisa kuna kiini, ile sehemu ya mfumo inayogawa kumbukumbu na kuiamuru diski, na nje kuna ganda, ambalo ndilo mtu hulishika. Unaandika amri, ganda linaisoma, linakiomba kiini kitende. Ganda lililoenea sana linaitwa Bash. Liliandikwa na Brian Fox, likatoka mwaka 1989, na jina lake ni utani juu ya Stephen Bourne, ambaye ganda lake lilisambazwa na toleo la saba la mfumo wa Unix mwaka 1979. Kompyuta zenye Linux huwa na Bash au ndugu yake wa karibu. Zile zenye Windows, ambazo ndizo karibu zote kwenye steshenari zetu, zimetoka ukoo mwingine, wa MS-DOS, wenye ganda lake na amri zake.

Skripti iliyoandikwa vizuri huanza na mstari huu:

#!/bin/bash

Mstari huo haufanyi kazi yoyote ya skripti. Haugeuzi faili wala hauhesabu kitu. Kazi yake ni kumtaja atakayeisoma: tafuteni Bash, anakaa nyumba fulani, mpeni haya yanayofuata. Huyo anayetajwa, kwa lugha ya fani, anaitwa mkalimani. Neno ni lile lile Waingereza wanalotumia kwa mtu anayesimama kati ya mgeni na mzee wa kijiji akigeuza maneno. Na kama mkalimani hayupo, skripti haiharibiki. Inabaki nzima, imeandikwa sawasawa, haina kosa hata moja, na haifanyi kitu.

Mimi si mtu wa kompyuta. Ni mwandishi wa habari wa Njombe, na mstari huo nimeujua kwa sababu ya bibi mmoja.

Kwa miaka minne, pembeni ya kazi ya kila siku, nimekuwa nikirekodi wazee wa vijiji vya kati ya Njombe na Makambako. Natumia simu. Bibi huyo nilimrekodi mara ishirini na tatu. Aliongea Kibena, kwa makusudi. Kiswahili alikijua, lakini alisema akikitumia anakuwa kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Alinieleza habari za ndoa yake, za njaa, za namna ya kugema ulanzi msimu wa mvua mwanzi ukiwa mchanga, na za watu waliokuja kujenga reli wakati yeye ameshakuwa mama wa watoto watatu. Alifariki. Familia ikapanga ibada ya kumbukumbu nyumbani kwa mwanawe mkubwa, Makambako, mwezi wa sita. Siku mbili kabla, mzee yule akanipigia.

"Mwandishi, wajukuu wa Dar wanakuja. Wengine hawajamwona bibi yao tangu wakiwa wanyonyaji. Tunataka wamsikie."

Spika za ibada zilikuwa zinapokea flashi, ila zinasoma mp3 peke yake. Simu yangu hurekodi kwa muundo mwingine, wa m4a. Hapo hapakuwa na shida, nilidhani mtu yeyote angesema hivyo, kwa sababu mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anafanya kazi za kompyuta Dar es Salaam na alikuwa ameshaniandikia skripti ya kazi hiyo hiyo. Mistari kumi na minne. Inachukua kila faili la sauti, inaipandisha sauti iliyo chini, inaigeuza kuwa mp3, kisha inalipa faili jina kutoka kwenye orodha: tarehe, kijiji, mada. Kwake ilikuwa inakimbia kama maji ya mteremko. Laptopu yangu ilikuwa huko huko Dar kwa fundi, kioo kimekufa. Basi nikaweka sauti, orodha na skripti kwenye flashi, nikapanda kosta, kilomita kama 60, nikashuka Makambako saa tisa alasiri kwenye baridi ile ya Juni inayopita hata kwenye koti, nikaingia steshenari.

Dada aliyekuwa kwenye kompyuta akabofya skripti mara mbili. Ikafunguka ndani ya Notepad, na mistari yote kumi na minne ikawa mstari mmoja, umeshikana, unatokea upande wa kulia wa kioo na kuendelea.

"Kaka," akasema, "huyu aliyeandika hapumui?"

Sababu yake ni ya zamani kuliko sisi wote wawili. Mashine za teletaipu zilihitaji alama mbili ili kuanza mstari mpya: moja ya kurudisha kichwa cha kuchapia kushoto, nyingine ya kusogeza karatasi juu. Ukoo wa MS-DOS ukabaki na zote mbili. Ukoo wa Unix ukaona moja inatosha. Notepad kwa miaka yote haikuitambua ile moja ikiwa peke yake, hadi Microsoft walipoirekebisha mwaka 2018, na kompyuta ya steshenari ilikuwa na Windows ya kabla ya hapo. Yaani hata pumzi kati ya sentensi na sentensi ni jambo ambalo nyumba mbili zinaweza kutoelewana.

Nikampigia mdogo wangu. Akacheka kidogo, kisha akawa makini. "Hapo hakuna Bash, kaka. Nisikilize, kuna njia kama tatu."

Ya kwanza ni kujenga nyumba ambayo skripti imeizoea. Tangu Agosti 2016 Windows 10 inaweza kukaribisha Linux ndani yake, Bash ikiwemo. Kabla ya hapo kulikuwa na Cygwin, iliyoanza mwaka 1995, inayoleta amri za Unix kwenye Windows. Zote mbili zinataka kupakua vitu vingi, na zinataka neno la siri la mwenye kompyuta. Windows ya pale ilikuwa ya zamani, na neno la siri alikuwa nalo bosi, na bosi alikuwa shambani kwenye parachichi zake.

Ya pili ni kusafiri na mkalimani wako. Kuna programu inaitwa BusyBox. Ilianzishwa katikati ya miaka ya 1990 na Bruce Perens, aliyekuwa anatafuta namna ya kubana amri muhimu za Unix ziingie kwenye diski moja laini ya kuanzishia Linux. Siku hizi kuna toleo lake la Windows, faili moja lisilofika megabaiti moja, halihitaji kusakinishwa. Unaliweka kwenye flashi kando ya skripti, unaliambia: soma hii.

Ya tatu ni kuiandika skripti upya kwa lugha ya ganda la Windows. "Hiyo nitaimaliza usiku wa manane," akasema, "na sina Windows ya kuijaribia."

Tukachukua ya pili. Akanitumia kwa WhatsApp, nikaunganisha simu kwa waya, dada akafungua dirisha jeusi, nikamsomea herufi za kuandika. Na kweli, mkalimani akaamka. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akasimama, akatoa jibu fupi la Kiingereza: anayeitwa ffmpeg hamjui.

Hapo nilielewa kwamba Bash alikuwa mlango wa kwanza tu. Skripti yenyewe haigeuzi sauti. Inamwagiza mwingine ageuze, na huyo mwingine ni ffmpeg, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, ambayo sehemu kubwa ya video na sauti za dunia hupitia mikononi mwake. Kwenye mashine ya mdogo wangu ipo siku zote, kiasi kwamba aliandika jina lake kama mtu anavyoandika "chumvi kiasi" kwenye maelezo ya mapishi. Ni makumi ya megabaiti. Mtandao saa ile ulikuwa unatambaa, ukisogea hatua moja unapumzika. Nikatoka nje kutafuta mnara.

Kutoka barabarani pale unaweza kuelekea stesheni ya TAZARA, na nikiwa nimeinua simu juu kama mtu anayeomba mvua, nikawaza kwamba Makambako unalijua tatizo hili siku nyingi. Reli hii ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na upana kati ya chuma na chuma ni milimita 1,067, ili mabehewa yaendelee kwenye reli za Zambia na nchi za kusini. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, ina milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, haifiki upana wa kiganja. Lakini behewa la Makambako haliwezi kwenda Tabora. Zote mbili zinaanzia Dar es Salaam, na hazishikani. Mahali pa kukutania ni Kidatu, ambako tawi la Reli ya Kati linaikaribia TAZARA, na mzigo unahamishwa kutoka behewa hili kwenda lile. Tangu 2024 tuna na treni za reli ya tatu, ya SGR, yenye milimita 1,435.

Behewa la TAZARA halina kasoro. Reli ya Kati haina kasoro. Kila moja ilijengwa na watu waliokuwa na hakika kwamba dunia ina upana fulani. Gharama ya hakika hizo mbili hailipwi na wahandisi wa Kijerumani wala wa Kichina. Inalipwa Kidatu, na mwenye mzigo, kwa siku zinazopotea na kwa mgongo wa anayebeba.

Nikarudi ndani saa kumi na moja na robo. Kupakua kulikuwa kumefika asilimia tisa. Dada alikuwa ameacha kuangalia dirisha jeusi.

"Kaka, samahani. Hii skripti inataka nini hasa? Mwisho wa yote?"

Nikamweleza: sauti ziwe mp3, ziwe na majina haya, kwa mpangilio huu.

"Basi si ungesema." Akafungua VLC. Alikuwa nayo miaka yote, anaitumia kugeuzia wateja nyimbo za kwaya ili ziingie kwenye redio za memori kadi. Ina sehemu ya kubadili na kuhifadhi ambayo watu wengi hawaigusi. Mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba VLC inatumia maktaba zilizoandikwa na watu wale wale wa ffmpeg. Maana yake kile tulichokuwa tunakipakua kwa machozi, sehemu yake ilikuwa imelala mle mle ndani, kwa jina lingine, ikisubiri mtu anayejua mlango wake.

Tukafanya moja moja. Mimi nasoma jina kutoka kwenye orodha, yeye anaandika, VLC inageuza, tunaweka kwenye folda. Mara ishirini na tatu. Kati ya faili na faili anaingia mtu anataka fotokopi ya kitambulisho, anahudumiwa, tunaendelea. Tulimaliza saa tatu kasoro usiku. Kitu kimoja hatukukipata: ule mstari wa skripti uliokuwa unapandisha sauti. Rekodi tano zilibaki chini chini, kama bibi anaongea akiwa chumba cha pili.

Ningeishia hapa, ingekuwa hadithi ya mtu na mashine, na ya dada mwenye akili. Lakini kesho yake kulikuwa na ibada.

Walikuja kweli wajukuu, kama kumi na watano, na vitukuu. Baada ya sala na chakula mzee akachomeka flashi. Sauti ikatoka. Watu wazima waliokaa mbele waliinama papo hapo, mmoja akafunika uso kwa kanga. Nyuma, wale vijana wa Dar walikaa kimya cha adabu. Dakika ya kwanza, ya pili. Msichana mmoja akamwinamia mwenzake, na niliwasikia kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na mlango: "Anasema nini?"

Faili lilikuwa mp3. Spika ilikuwa nzima. Kila kitu tulichokihangaikia jana yake kilikuwa kimefanya kazi, na bibi alikuwa bado hajawafikia wale aliowekewa.

Ndipo shangazi yao mmoja akasimama. Akamwambia mzee asimamishe kidogo, akageukia nyuma, akasema kwa Kiswahili kile bibi alichosema. Kisha sauti ikaendelea, ikasimamishwa, akasema tena. Habari za ulanzi zilimpa shida. Kuna chombo cha kukatia mwanzi ambacho hakukipatia neno, akachora hewani kwa mikono, wazee wakasaidiana, mmoja akasema kinaitwa hivi, mwingine akasema hapana, hicho ni cha upande wa pili wa mto. Ilichukua muda mara tatu ya rekodi yenyewe. Ila wale vijana walicheka mahali pa kucheka, sekunde ishirini baada ya wazazi wao.

Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu siku ile, hasa nikisoma watu wanaosema, kwenye mijadala yetu ya fasihi, kwamba mwandishi mzuri ni yule anayeeleweka na kila mtu. Sijui kama maandishi ya namna hiyo yapo. Naona kila andiko limeandikwa ndani ya nyumba fulani, na mengi ya mahitaji yake yamo mle ndani na kwa hiyo hayatajwi. Bibi hakueleza chombo cha kugemea kwa sababu kwenye jiko lake hakuna aliyekuwa hakijui. Mdogo wangu hakueleza ffmpeg kwa sababu hiyo hiyo. Ukimtaka bibi aseme kwa namna isiyohitaji mkalimani, utapata bibi wa viatu vya kuazima. Njia ya tatu, ya kuandika upya, huwa na mstari wake unaopotea.

Kinachowezekana ni andiko kusema mapema linahitaji nini. Waandishi wetu wa zamani walilijua hili. Mwana Kupona wa Pate, katika utenzi wake wa mwaka 1858, anamwita bintiye akae karibu na kumtaka alete wino na karatasi kabla ya wosia wenyewe kuanza. Tumezoea kuuita utangulizi huo desturi ya utenzi, tunauruka. Nikiusoma sasa naona mama mgonjwa anayehakikisha kwamba vinavyohitajika vipo, na kwamba msikilizaji wa kwanza ametajwa, kabla hajatumia pumzi yake. Na bado, msomaji wa Njombe akiufungua leo, Kiamu kitamgomea bila faharasa ya maneno. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliuwekea tafsiri ya Kiingereza na maelezo. Utenzi umevuka karne na nusu kwa sababu kila kizazi kilipata mtu wa kukaa Kidatu kuhamisha mzigo.

Rekodi zangu hazina bado mtu huyo. Shangazi yule ana miaka zaidi ya sabini. Siku moja mtu atapata flashi yenye faili ishirini na tatu safi kabisa, zitakazofunguka kwenye kila mashine, na atauliza kile alichouliza yule msichana mlangoni, na hatakuwepo wa kusimama.

Mdogo wangu ameirekebisha skripti yake. Siku hizi kabla ya kugusa faili lolote inaangalia kama ffmpeg ipo, na isipoikuta inasema kwa Kiswahili: "Samahani, kompyuta hii haina ffmpeg. Ukiwa na VLC, fanya hivi," kisha hatua za dada wa steshenari, moja baada ya nyingine. Na mimi, kila Jumamosi nikipata nafasi, napanda kosta kwenda kwa shangazi na daftari. Tunasikiliza, tunasimamisha, ananieleza. Kando ya kila sauti naweka faili dogo la maandishi matupu, la aina ambayo hata Notepad ya zamani itaifungua. Tumefika la tisa. La ulanzi linaanza hivi: "Lugha: Kibena. Anaongea na watu wa jikoni kwake. Ili umwelewe unahitaji kujua maneno kumi na saba yafuatayo, na ukimpata mzee aliyewahi kugema, kaa naye."